Kigelegele Kabla ya Saa Kumi na Mbili

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituoni, Toronto, Ijumaa tarehe 28 Juni 1996, kuanzia saa kumi jioni. Mkalimani: Bi. Nilofar, mzaliwa wa Mwanza.

Jina: Donatienne Nizigama
Umri: miaka 46
Kazi: kufua na kupiga pasi, nyumba ya kutunzia wazee
Makazi: Etobicoke, ghorofa ya kumi na moja
Asili: Buyenzi, Bujumbura

Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa. Mmemshika Joyeuse kwa kosa ambalo si lake, na mimi siwezi kukaa kimya.

Joyeuse ni jirani yangu, tena mwenyekiti wa Umoja wa Familia za Tanganyika, chama chetu Warundi wa hapa tuliotoka kando ya ziwa hilo. Chama hicho ndicho kilichomwombea binti yangu Darlène aletwe Canada kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma. Ana miaka 19, na yuko kule peke yake tangu mwisho wa 1993. Mwezi wa pili mwaka huu tukaambiwa kwamba chama kilishafutwa kisheria, kwa sababu hatukujibu barua za serikali kwa miaka mitatu. Barua zilikuwa zinakwenda kwa katibu wa zamani, naye alishahama bila kusema. Ofisi ya uhamiaji ikaandika: chama kiwe hai kabla ya tarehe 30 Agosti, la sivyo faili la Darlène linafungwa.

Cha kukifufua ni sheria. Ndiyo, sheria nzima, ipitishwe na Bunge la jimbo, kwa ajili ya chama cha watu arobaini wanaopika wali pamoja Jumapili. Mwanasheria aliyejitolea kutusaidia, Bw. Murad, alitueleza kwamba muswada husomwa mara tatu, na ukipita ya tatu tumepona. Jana ilikuwa siku ya mwisho kabla ya Bunge kuahirishwa hadi tarehe 24 Septemba, na kikao hufungwa saa kumi na mbili jioni. Akatuonya pia: "Kule juu kwa wageni ni kimya, mama zangu. Hata makofi hakuna."

Mnamo tarehe 27 Juni, saa saba na nusu mchana, tulikaa kwenye viti vya wageni, watu kumi na wawili. Kwa saa nne niliwatazama waheshimiwa wakizomeana na kugonga madawati. Mmoja alikuwa anasoma gazeti. Spika akisema "Utulivu!", wanacheka, wanaendelea. Hakuna aliyetolewa nje.

Saa kumi na moja na dakika arobaini na moja, muswada wetu ukasomwa mara ya pili. Hakuna aliyepinga. Bw. Murad akaniinamia: "Imepita, Mama Darlène. Bado moja, haifiki hata dakika."

Nilijua imebaki moja. Naomba iandikwe hivyo, isije ikaonekana sikuelezwa. Lakini sauti ilinitoka. Nilipiga kigelegele. Kile cha kwanza kilikuwa changu, kirefu, hata mimi kilinishtua. Kwetu mama akisikia mwanawe anakuja, halafu akakaa kama amenunua chumvi, watu watamuuliza kama mtoto ni wake. Wenzangu wakaitikia. Hakuna mtu anayemwacha mwenzake apige peke yake.

Spika akasimama. Akasema kanuni inamruhusu kusimamisha kikao panapotokea vurugu, akatoka. Vurugu! Walinzi wakatuteremsha. Mlinzi mmoja akauliza nani ameanza. Kabla sijafungua mdomo Joyeuse akasema, "C'est moi. Ni mie." Akanikanyaga mguu. Kisha kwa sauti ya chini: "Nyamaza, Mama Darlène. Jina lako liko kwenye faili ya mtoto."

Joyeuse anaogesha na kulisha wazee. Walinzi wakamkabidhi kwa polisi, na akiandikwa kosa huko, kazi hiyo hana tena. Mimi nikanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikoninyima usingizi.

Kule chini kuna televisheni inayoonyesha kikao. Walirudi saa kumi na moja na dakika hamsini na sita. Mheshimiwa mmoja akasimama kulalamika kwamba makelele yetu yamelipotezea Bunge muda. Alilalamika dakika nne, nilikuwa naangalia saa ya ukutani. Saa kumi na mbili ikafika. Mbunge aliyetuletea muswada akaomba waongeze dakika moja tu, lakini kanuni inataka wote wakubali. Mtu mmoja akasema hapana. Sura yake sikuiona. Bunge likaahirishwa.

Nikamuuliza Bw. Murad: "Watu mia na thelathini, bado wako humo kwenye veranda wanaagana, hawawezi kurudi ndani?" Akasema hawawezi mpaka waitwe rasmi, na hawaitwi kwa ajili yetu. Nina hasira na aliyesema hapana, nina hasira na katibu wetu, na saa ile. Zaidi nina hasira na koo langu.

Afisa ameniuliza kama naelewa kwamba maneno haya yanaweza kunigeukia na kufika uhamiaji. Naelewa. Bw. Murad amewaandikia kuomba watusubiri hadi Bunge lirudi, na barua hiyo ina jina langu. Lakini mtoto wangu sitamleta kwa mgongo wa Joyeuse. Darlène nitamwandikia mwenyewe kwamba mama yake alifurahi dakika moja kabla ya wakati.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo. Nimesomewa kwa Kiswahili na sina la kupunguza.

(Sahihi) D. Nizigama

Maelezo ya afisa: Yamekamilika saa 11:52 jioni. Bi. Joyeuse, aliyeachiwa jana usiku kwa sharti la kuripoti leo, yuko kwenye benchi la mapokezi. Ameelezwa kiini cha maelezo haya. Amesema ni uongo mtupu na kwamba kelele zilikuwa zake. Kwa kuwa zamu inaisha saa 12:00, na Jumatatu ni sikukuu, shauri limeahirishwa hadi Jumanne. Mkalimani alipotafsiri neno "limeahirishwa", shahidi alikwenda kukaa kwenye benchi karibu na Bi. Joyeuse. Wote wawili wamekataa kuondoka.