Ini la Alute na Hema la Kwaya

Mpendwa Mshauri wa redio, shikamoo, naomba msaada kabla ya Jumapili maana nimekwama, mume wangu Alute alishikwa na tumbo la kujikunja, mkojo ukawa mwekundu kama juisi ya rozela, mama mkwe akasema nimemtilia kitu kwenye mlenda, nikampeleka Singida Mjini, akatundikiwa dripu ya sukari, daktari akapima akasema ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, ini lake linapungukiwa hema, mimi niliona aibu kuuliza, nikarudi Ilongero nikaazima hema la kwaya, nikadanganya kwamba nafunika alizeti isinyeshewe, nikalisimamisha uani Alute akalala humo, na kweli siku mbili akapata nafuu, ila sasa mama mkwe kamkataza chakula changu, leo siku ya tatu hajala, maumivu yamerudi, ameanza kuropoka, na kwaya wanataka hema lao Jumapili, je, nitapata wapi jingine?

Luciana, Ilongero

Marahaba, Luciana. Nimecheka mpaka machozi, halafu nikakasirika. Daktari alisema hemu! Hemu, siyo hema! Ungeuliza palepale, usingewadanganya watu wa Mungu.

Hemu ndiyo inayoipa damu wekundu, na ini nalo hujipikia ya kwake. Wapishi ni vimeng'enya, vibarua wa ini, kila mmoja na hatua yake. Hemu ikitosha, yenyewe humwambia kibarua wa kwanza, "Basi, unga umetosha." Kwa Alute kibarua mmoja wa katikati ni mlegevu, kwa hiyo hemu ikipungua yule wa kwanza anamimina tu, vitu nusu vibichi vinajaa mwilini, tumbo linasokota, mkojo unageuka rangi. Njaa ndiyo humchochea zaidi, pombe pia, na baadhi ya dawa. Kilichompa nafuu ni ile dripu ya sukari iliyomtuliza kibarua, mama, wala siyo turubai!

Sasa acha redio iongee peke yake, ita bajaji. Anayeropoka ni wa hospitali leo hii. Beba cheti chake cha hospitali, waambie hajala siku tatu, na asipewe dawa yoyote kabla hawajakisoma.

Na wewe mama Alute, shikamoo, najua unanisikia. Mlenda hauna kosa. Ugonjwa huu mtoto huurithi kwa mzazi, kwa hiyo kabla hujamnyooshea mkweo kidole, panda bajaji hiyohiyo ukapimwe. Mkirudi, songa ugali kwa mkono wako, mle sinia moja na Luciana, Alute awaone.

Hema lirudi kwa kwaya. Alute arudi mezani.