Majina Matano Kwenye Kaseti

Masuguru,
Korogwe, Tanga.
14 Novemba 2025

Mpendwa mwanangu Angel,

Salamu nyingi zikufikie huko Bremen. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba yale maumivu ya mgongo uliyoyataja, ya kunyanyua wagonjwa kutwa, yamepungua. Sisi huku hatujambo kwa kadiri ya umri wetu. Mama yako mkubwa Raheli anakohoa asubuhi, lakini bado anagombana na kuku wa jirani, nami hiyo naihesabu kuwa ni afya. Vuli ya mwaka huu imetuchezea: mvua siku mbili, kisha jua wiki nzima. Mahindi yamechipua, yakasinyaa.

Barua yako ya Oktoba nimeisoma mara tatu. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, bendi ya baba yako ilianzaje na ilikuwa na akina nani. La pili, kama naridhia uupige wimbo wa mwisho wa ile kaseti mbele ya Watanzania wenzako tarehe 9 Desemba, kisha uuweke mtandaoni. La kwanza nitalijibu kwa furaha. La pili jibu lake ni hapana, na naliandika hapa juu usije ukachoka kusoma kabla hujalifikia. Usiupige, mwanangu. Hata peke yako usiupige tena. Sababu nitaieleza kwa utaratibu, kama unavyonijua.

Marehemu baba yako Simeo alikuwa fundi katika shamba la mkonge, akihudumia korona, ile mashine inayochambua majani ya mkonge yakawa nyuzi. Mkubwa wao wa karakana alikuwa Mgiriki mzee. Alipoondoka nchini mwaka 1982 alimwachia baba yako gramafoni na kasha la santuri kumi na moja. Zote zilikuwa roki ya Waingereza na Wamarekani ya miaka ya sitini na sabini: magitaa yanalia kama msumeno, na waimbaji wanapiga makelele kama watu walioungua. Siku ya kwanza santuri ilipowekwa, bibi yako alitoka jikoni na mwiko mkononi akauliza, "Simeo, huyo mtu wa humo ndani anaumwa wapi?"

Bendi zote za wakati ule zilipiga dansi. Baba yako akasema sisi tutapiga za Mgiriki, tuzifuate neno kwa neno, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Tukajiita Korona Bendi, kwa heshima ya mashine. Jina hilo lilikuja kuchafuka mwaka 2020, na Mbaruku, mpiga dramu wetu, alicheka mpaka akatokwa machozi. "Mwalimu," alisema, "leo tukitangaza Korona inakuja Jumamosi, mji mzima unafunga milango."

Tulikuwa wanne. Baba yako alipiga gitaa kubwa, lile unalolikumbuka. Sharifu, Mzigua wa Sindeni, karani wa mizani pale shambani, ndiye aliyeimba. Mbaruku wa Kang'ata, dereva wa trekta, alipiga dramu alizoziwamba mwenyewe kwa ngozi ya mbuzi. Mimi nilipiga gitaa la pili, vibaya. Kazi yangu hasa ilikuwa nyingine: nilikuwa mwalimu wa Kiingereza, basi nilikaa na santuri, nikasikiliza, nikaandika maneno ili Sharifu ayakariri. Yeye Kiingereza hakukijua, ila aliweza kukiimba hata ukadhani amezaliwa nacho.

Na utani ulikuwapo, maana Msambaa na Mzigua hawakai chumba kimoja wakanyamaza. Sharifu alikuwa akisema, "Msambaa vidole vyake vimekufa ganzi kwa baridi ya mlimani, gitaa atalipigia nini?" Baba yako akajibu, "Afadhali vidole vya baridi kuliko koo la Mzigua. Kwenu Handeni mvua haijanyesha, unatuimbia vumbi." Ndivyo tulivyoanza kila mazoezi. Ilikuwa kama kuonja uzi wa gitaa kabla ya kuukaza.

Sasa nafika kwenye wimbo wako.

Santuri ya kumi na moja ilikuwa na mkwaruzo mrefu. Katikati ya wimbo wake wa mwisho magitaa yananyamaza, dramu inabaki peke yake, na mwimbaji anatamka kitu haraka haraka, mara tano, kila mara akiacha kimya kidogo. Kitu gani, sikuweza kusikia. Niliirudia sindano jioni nne. Mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza, wenzangu wote wakinitazama mdomoni, na sikupata hata neno moja. Nikaona aibu kusema sijui. Nikamwambia Sharifu, "Hapo anaita majina tu. Weka majina yetu, nani atajua?"

Uongo huo ulikuwa wangu. Naomba uukumbuke utakapotafuta wa kumlaumu.

Sharifu alijaribu, majina hayakukaa katika mapigo. Siku ya pili akaja anacheka. Amepata sauti inayokaa, alisema, aliisikia utotoni kwa wazee wake. Alipoimba, ikakaa kabisa, kama imepimwa. Alianza na jina lake, kisha Simeo, kisha Mbaruku, kisha mimi. La tano lilikosekana. Wiki ile ya Agosti 1989 tuliyorekodi katika darasa langu hapa Masuguru, mablanketi madirishani na redio-kaseti juu ya dawati, wewe ulikuwa na siku sita duniani. Sharifu akakuweka wewe. Ndilo jina la tano ulilolisikia, lile uliloniandikia kwamba lilikuliza kwa furaha. Baba yako naye alilia siku ile. Kilikuwa kitu kizuri, sikatai.

Mwezi uliofuata tukaenda kuupiga Sindeni, kwenye sherehe ya mavuno, nyumbani kwao Sharifu. Vijana walicheza. Tulipofika kwenye majina, wazee wote waliinuka wakaondoka. Hawakuzomea, hawakugombana na mtu. Walichukua vigoda vyao wakaenda. Baba yako alisema ni spika, zimewaumiza masikio. Tukakubaliana kwamba ni spika. Bendi haikufika mwaka mwingine. Shamba lilifungwa, kila mtu akashika njia yake.

Maana ya kuondoka kule nimeelezwa mwaka huu, mwezi wa Septemba, na Mwaija, dada mkubwa wa Sharifu, ambaye bado yuko Sindeni na akili zake zote. Kwao, siku ya tambiko, mkubwa wa ukoo huwaita waliokufa kwa majina. Kila jina huitwa mara mbili, kwa sauti inayopanda kisha ikaanguka. Baada ya jina hukaa kimya, na unga wa mtama humwagwa chini. Kimya kile ni nafasi ya aliyeitwa kuitika. Anayefuata haitwi mpaka huyu awe ameitika. Na mtu aliye hai haitwi kwa sauti ile, hata kwa mchezo, hata na mama yake.

Nilimwambia kwamba hatukujua. Akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi waliofungua daftari bila kusoma. "Mwalimu, wazee tulikuwa nao hapa hapa. Badala ya kuwauliza, mkaenda kumuuliza Mzungu wa kwenye sahani."

Mwanangu, mimi ni Mkristo na nilifundisha hesabu pia. Najua wanne wakizeeka lazima mmoja atangulie. Najua wanne wanaweza kupangika kwa namna ishirini na nne, na yoyote kati ya hizo inaweza kutokea bila mkono wa mtu. Sharifu alikufa mwaka 2014 kwa ugonjwa wa sukari. Baba yako alimfuata mwaka 2019 kwa presha, na wewe ulikuwapo. Vifo hivyo vina vyeti, na vyeti vina sababu. Nilitulia juu ya jambo hilo miaka yote.

Kilichoniondoa utulivu ni Mbaruku. Mwezi wa Agosti alikuwa shambani kwake Kang'ata, mchana kweupe, akasikia anaitwa mara mbili. Akadhani ni mke wake, akaitika "Naam!" akageuka. Hapakuwa na mtu. Wiki ya pili miguu ikavimba. Daktari anasema ni figo, na namwamini daktari. Nilipokwenda kumtazama alinipokea kwa maneno yale yale ya kwake: "Umekuja kunihesabu, Mwalimu? Mimi ni wa tatu. Kaa vizuri, wewe ndiye unayenifuata." Tukacheka sote wawili. Kisha akanishika mkono, hakuuachia mpaka naondoka. Akaniambia kwamba baba yako, wiki mbili kabla ya kuanguka, alimpigia simu kumuuliza kama ni yeye aliyepita Korogwe akamwita dirishani, maana aliitika na kutoka nje akakuta njia tupu.

Jambo hilo baba yako hakuniambia mimi. Nadhani aliogopa nitamwekea hesabu.

Nilitoka kwa Mbaruku nikaenda moja kwa moja Sindeni, ndipo Mwaija akanieleza yote niliyokuandikia. Nilimuuliza kama kuna la kufanya. Alisema lipo. Sauti iliyoita ndiyo inayorudisha. Sharifu hayupo tena, ila sauti yake imebaki mahali pamoja tu duniani, nayo ni hiyo kaseti uliyoichukua kwenye sanduku la baba yako baada ya matanga. Iletwe, iwekwe penye makaburi ya ukoo wao, imwagiwe unga uliokosekana siku ile, kisha ifukiwe. Majina hurudishwa kuanzia la mwisho. Maana yake lako litatoka kwanza.

Basi hili ndilo ombi langu. Rosina, binti wa jirani yetu anayesoma Hamburg, anakuja likizo tarehe 29 mwezi huu. Mpelekee kaseti mkononi, usiitume kwa posta. Kama umeinakili kwenye kompyuta au simu, futa. Kama umempa mtu, mwombe arudishe na usimweleze sababu, mwambie tu ni mali ya familia. Barua hii inakuja kwa mkono wa mgeni wa usharika wetu anayeruka kesho kutwa, kwa hiyo utakuwa na siku za kutosha. Mbaruku sijui kama anazo.

Na jambo moja zaidi. Najua wodini kwenu unaitwa jina siku nzima. Kuanzia leo, ukisikia jina lako na humwoni anayekuita, nyamaza. Geuka, tafuta uso wa mtu kwanza. Ukiuona, itika.

Nilitaka niishie hapo, lakini si vizuri mwalimu aache ukurasa nusu. Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, nilikuwa uani nachambua maharage. Raheli alikuwa amekwenda sokoni Manundu. Niliitwa. Mara mbili, sauti ikapanda, ikaanguka. Kisha kikafuata kimya, na kimya chenyewe kilikuwa kinangoja. Mdomo wangu ulikwisha kufunguka. Nilijiuma kidole mpaka kikatoka damu. Jumapili nikaitwa tena, njiani natoka kanisani, kutoka nyuma. Sikugeuka.

Kwa hiyo siku hizi siitiki. Simu nimemwachia Raheli. Yeye akinihitaji huja mbele yangu au hunigusa bega. Wanafunzi wangu wa zamani wakipita na shikamoo zao, nainua mkono tu. Mtaani wanasema Mwalimu amekuwa kiziwi, wengine wanasema ana majivuno. Waache. Nimelipwa mshahara miaka thelathini na nane kwa kujibu, na ulimi unaniwasha, lakini wa tano haitwi mpaka wa nne ameitika, na wa nne ni mimi. Nitakaa kimya hivi hivi mpaka nione hiyo kaseti kwa macho yangu. Wewe fanya haraka tu, mwanangu, maana nazeeka, na mzee hujisahau.

Nisalimie rafiki zako wote. Kaka yako Erasto yuko Dar es Salaam, anakusalimu na anauliza kama Ujerumani theluji imeanza. Mke wake, Janeth, amejifungua mtoto wa kike, salama. Jina bado hatujampa, mimi ndiye niliyeomba wangoje. Raheli anakuombea kila jioni, na sasa anakuombea kwa sauti ya chini.

Mungu akufunike kwa mkono wake, akuongoze unapoingia na unapotoka, na atupe kuonana.

Mimi nikupendaye siku zote,

Baba yako mkubwa.
(Jina unalijua. Wiki hizi siliandiki.)