Mama Mkwe Anamchagulia Mwanangu Punje Kubwa Kuliko Zote

Mshauri wangu,

Salamu, na unisamehe mwandiko, naandika juu ya meza ya cherehani huku sikio langu liko chumba cha pili, maana mama mkwe akinikuta na kalamu ataniuliza naandika nini, na mimi kudanganya nimechoka. Naomba uninusuru kabla mwaka haujageuka.

Mimi ni mshonaji, nashonea hapahapa nyumbani, chumba cha mbele. Mume wangu ni fundi wa friji. Tunaishi na mama yake, na tuna mtoto mmoja wa kiume wa miaka minne tunayemwita Bosi, kwa sababu tangu alipojua kukaa hataki kiti kingine ila cha baba yake. Tulimpata baada ya kusubiri sana, na katika kusubiri huko nilisemwa na kila mwenye mdomo isipokuwa mama mkwe. Yeye ndiye aliyewakemea mawifi, "Mwacheni mwanangu apumue, tumbo si duka la kufungua asubuhi." Nilipojifungua alinikanda na maji ya moto kwa mikono yake mwenyewe. Kwa hiyo uelewe kwamba ninayemwandika hapa si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningejua pa kuanzia.

Sasa sikiliza. Nyumba hii ina desturi yake ambayo sijaiona kwingine. Siku ya kwanza ya mwaka, kabla mtu hajatia hata chai mdomoni, wanakula maharage mapana, yale makubwa bapa yenye ganda gumu, yamelowekwa tangu jana yake na kuchemshwa kwa chumvi tu. Wanasema babu wa mume wangu alivuka mwaka wa njaa kwa gunia moja la maharage hayo, na tangu hapo ndiyo heri ya ukoo. Mama mkwe humlisha kila mtu kwa mkono wake, na lazima wote wale, maana wanaamini asiyekula anawafungia wenzake mlango wa mwaka mzima.

Mwaka huu tunaoumaliza ndio Bosi alioyala mara ya kwanza, kabla ya hapo bibi yake alisema bado mdogo, atapaliwa. Alikula akaomba tena, tukacheka. Jioni akatapika uani, kesho yake akawa mnyonge, macho yakawa ya manjano na mkojo ukatoka mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, nikambeba mbiombio hospitali, peke yangu, kwa sababu mume wangu alikuwa kazini mji mwingine na mama mkwe mguu ulikuwa unamsumbua. Mtoto akaongezewa damu. Daktari, mama mmoja mpole, akanihoji amekula nini, nikamtajia, wakampima, na tuliporudi hospitali baada ya yeye kupona wakampima tena, ndipo akaniambia, "Mama, damu ya mtoto huyu haivumilii maharage hayo. Amezaliwa hivyo. Asiyaguse tena maisha yake yote, maana safari nyingine tunaweza tusimuwahi." Nikauliza hali hii kaitoa wapi. Akasema, bila ubaya wowote, kwamba mtoto wa kiume huirithi kwa mama yake.

Hapo ndipo niliposhikwa, mshauri. Palepale kwa daktari niliwaona akilini mwangu mawifi wamekaa sebuleni. Niliwasikia wakisema kumbe ile miaka ya kusubiri ilikuwa na sababu, kumbe hata alichozaa kakizaa na kasoro. Nikafika nyumbani nikasema ni homa tu, imekwisha. Mume wangu akashukuru Mungu, mama mkwe akachinja kuku, na mimi nikala yule kuku.

Basi mwaka ukaenda vibaya. Karakana aliyokuwa akifanya kazi mume wangu ikafungwa, sasa anahangaika na friji za mtu mmojammoja. Mguu wa mama mkwe ukazidi. Akakaa akahesabu mambo kwa vidole vyake na kupata jawabu lake: Bosi aliitapika heri ya nyumba. Hamlaumu mtoto, la, anamhurumia, na dawa yake ni kwamba safari hii mtoto atalishwa wa kwanza kabla ya watu wazima, atapakatwa na bibi yake mpaka ameze, na atapewa nyingi. Ameshanunua maharage yenyewe na ameyaweka chini ya kitanda chake. Kila jioni anayamwaga kwenye ungo na kuchagua punje kubwa kuliko zote, anaziweka kwenye kikombe, anasema, "Hizi za mume wangu," yaani Bosi.

Nimejaribu kila ujanja. Nilisema maharage yanamjaza mtoto gesi, akacheka mpaka akafuta machozi, "Nyumba hii nani hajawahi kujamba kwa maharage?" Nilisema tubadilishe tupike ya aina nyingine, akaniangalia kama niliyesema tubadilishe ukoo. Nikamwendea mume wangu nikamwambia safari hii mtoto asile. Akaweka bisibisi chini, akasema, "Mama kabakiwa na furaha hii moja. Nipe sababu moja ya maana nami nitazungumza naye." Nilikuwa nayo, mshauri, ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikasema, "Basi tu." Akaniambia na yeye basi tu, mtoto atakula.

Juzi yametokea makubwa. Nilikuwa napiga pindo la sare, Bosi yuko miguuni pa bibi yake anachezea ungo. Nageuka, naona kashika punje mbichi anaipeleka mdomoni. Sijui niliruka vipi. Nilimpiga kibao cha mdomo punje ikaruka mpaka mlangoni, mdomo ukachanika, damu. Mtoto hajawahi kupigwa na mimi. Alinitazama kwanza, ndipo akalia. Mama mkwe akamchukua, akamfuta kwa kanga yake, akasema taratibu, "Mwanangu, una nini na heri ya nyumba hii? Umeambiwa nini, na nani?" Tangu siku hiyo ananisalimia kwa upole wa kumsalimia mgeni. Sasa wanadhani nimekwenda kwa mganga nikapewa masharti.

Nimefikiria kumpeleka Bosi kwa dada yangu siku hiyo, dada kajifungua mtoto wa kiume hivi karibuni, ningesema naenda kumsaidia. Mume wangu kanisoma, kaniambia nikimtoa mtoto nyumbani siku ya kwanza ya mwaka, nisihangaike kurudi. Nimefikiria niamke alfajiri nimwage sufuria nzima. Nimefikiria nimfundishe mtoto kuficha punje shavuni na kuzitema kwangu, lakini ni wa miaka minne, na bibi yake anamchekesha mpaka anafungua mdomo wote. Usingizi sina. Nishike lipi, mshauri? Nisiposema nitampoteza mtoto, nikisema nitapoteza nyumba.

Ni mimi,
Mshonaji mwenye roho juujuu


JIBU

Mshonaji,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Nilikuwa na foleni ya waume wanaokoroma na wapangaji wanaogombea kamba ya kuanikia, nimewaambia wote wasubiri, hawafi. Na kwa kuwa umeweka namba ya simu, nimekwisha kukupigia kabla gazeti halijatoka. Hukupokea. Najua kwa nini hukupokea, ulikuwa na mtu chumbani. Kwa hiyo nakujibu hapa, na wewe usome mpaka mwisho hata kama cherehani inakuita.

Kwanza pole. Kusemwa kwa ajili ya tumbo ni jeraha, na mtu aliyewahi kuchomwa pale hujikunyata kila akiona moto. Sikucheki. Na kule hospitali ulikuwa peke yako, kwanza umeshika mtoto aliyekuwa anakata roho, kisha ukapewa habari nzito bila mtu wa kukushika bega. Yeyote angetetemeka.

Pole imekwisha. Sasa nikuseme.

Umeandika kwamba ukisema utapoteza nyumba. Nani kakwambia? Mawifi ambao umewasikia kichwani mwako tu? Katika barua nzima sijaona mtu hata mmoja aliyekutukana kwa sababu ya damu ya mtoto, kwa sababu hakuna hata mmoja anayejua! Umeitisha kesi, ukajishtaki, ukajihukumu, na sasa mtoto ndiye atakayetumikia kifungo. Mumeo alikuomba sababu moja. Mtu anayeomba sababu mlango wake uko wazi. Wewe ukamjibu "basi tu," halafu unashangaa kwa nini amekuwa mkali. Na mimi ningekuwa mkali.

Hiyo habari ya kurithi, hebu tuinyooshe. Mimi si daktari, lakini daktari wako amekwambia ukweli, na ukweli huo hauna aibu ndani yake. Hukuinunua hali hiyo sokoni. Ulipewa na waliokuzaa nao wakapewa na waliowazaa, sawa na urefu wa pua. Kasoro ingekuwa kujua na kunyamaza. Hiyo ndiyo peke yake unayoweza kulaumiwa, na bado unao muda wa kuiondoa. Tena usiniambie habari ya dada yako kwa kupita. Mmezaliwa tumbo moja, na yeye ana mtoto wa kiume mchanga. Umepanga kwenda kujificha kwake, hukupanga kumwambia akampime mwanawe? Mpigie leo.

Ujanja wako wote ninaukataa. Ukimwaga sufuria, yako mengine chini ya kitanda. Ukimkimbiza mtoto safari hii, mwaka mwingine utamkimbizia wapi, na siku wewe ukilazwa nani atamkimbiza? Kumfundisha mtoto wa miaka minne kumdanganya bibi yake sitaki hata kulizungumza. Na kibao kile ulichompiga kilikuwa cha hofu, najua, lakini mdomo uliochanika ni wake. Mwombe radhi mtoto. Watoto wanaelewa "nisamehe" kuliko tunavyodhani.

Sasa utafanya hivi. Usianze na mumeo. Anza na mama mkwe, kwa sababu mkono utakaomlisha mtoto ni wake, na kwa sababu huyo ndiye aliyekukanda ulipokuwa huwezi kuinuka. Usingoje mkesha watu wamejaa. Leo, akikaa na ungo wake, kaa naye chini, mchagulie maharage, halafu umwambie kwa maneno mafupi: "Mama, Bosi hakutapika heri. Maharage haya yalimpunguza damu, nusura afe. Daktari alinieleza nikaficha, kwa sababu niliambiwa hali hii kaitoa kwangu." Usiongeze utetezi. Akiuliza kwa nini ulificha, mjibu, "Niliogopa, mama." Akilia, mwache alie. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki, maana umemwacha kila jioni akichagua punje za kumwangamiza mjukuu wake huku anafurahi. Lakini usiondoke pale mpaka umesikia kwa mdomo wake kwamba mtoto hatayala.

Asipokuamini, usibishane. Mchukueni mtoto wote watatu, wewe, mumeo na mama, mkodi usafiri mguu wake usiwe kisingizio, mwende kwa daktari yuleyule akawaeleze mbele ya wote. Muulizeni pia kuna vyakula gani vingine na dawa gani za kuepuka, kwa sababu hali hizo huwa na masharti yake, na muuguzi yeyote atakayemtibu Bosi lazima aambiwe kabla hajachukua sindano. Na ikiwa mpaka siku yenyewe hamjafika kwa daktari, au bado kuna ubishi, mtoto huyo unamtoa ndani ya nyumba, mume aseme asemavyo. Ndoa iliyochanika hushonwa tena, wewe fundi unajua. Mtoto aliyezikwa hashoneki.

Kuhusu heri ya ukoo, usijipe kazi ya kuivunja. Yule babu alikula kilichomfikisha asubuhi. Nadhani angekuwa hai asingemtilia mtoto mdomoni kitu cha kumlaza kaburini kwa jina la kuvuka mwaka. Mwambie mama mkwe achague yeye mwenyewe chakula kingine cha Bosi siku hiyo, amlishe kwa mkono wake, wa kwanza kabla ya watu wazima. Mkono ubaki wa bibi. Kinachobadilika ni kilichomo mkononi.

Lakini nikuonye jambo moja, maana najua watu waoga, utaweka gazeti hili pembeni useme kesho. Fikiria mtoto yuko tena kwenye kitanda kile, macho ya manjano, mumeo na mama yake safari hii wamesimama pembeni, na daktari yuleyule mpole anageuka anakuuliza mbele yao, "Mama, si nilikwambia?" Nionyeshe neno utakalomjibu. Mimi nimelitafuta, sijalipata.

Ndani ya nyumba hiyo wanawake wawili wanampenda mtoto mmoja, na ni mmoja tu kati yao anayejua kitakachomuua. Funika cherehani, inuka, nenda chumba cha pili ukamwambie mwenzako.