Nafasi Ilikuwa Moja

Pius, rafiki yangu,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu kwako sikuwahi kujifanya niko poa. Ile kazi ya udereva kwenye shirika la maji, tuliyoiomba wote wawili siku moja, usaili wake umeisha. Miezi minne, hatua tatu. Kutafuta kazi nako ni kazi, tena isiyo na likizo.

Ya mtihani wa kuandika unayajua, matokeo tuliyasoma pamoja ukutani: wewe wa kwanza, mimi wa tatu, na nafasi ni moja. Ulinicheka njia nzima mpaka Shanwe. "Msukuma, rudi ukachunge ng'ombe, gari niachie mimi." Wiki mbili baadaye homa ikakumaliza kwa siku tatu, hapa hapa mjini. Tulikuzika kwenu Mpimbwe Jumamosi, na usaili wa vitendo ulikuwa Jumatatu.

Niliamua siendi. Niondoke msibani kabla ya matanga kuanuliwa, tena nikagombee nafasi uliyokuwa unaongoza wewe? Mama yako ndiye aliyenifuata tulikokaa wanaume. "Nyie mlianza pamoja," akasema. "Nenda baba, kamalizie." Nilipanda basi viatu vikiwa bado na udongo wa makaburini. Mjomba wako hakunipa mkono. Simlaumu.

Asubuhi ile uwanjani wakaita majina. La kwanza likawa lako, maana hakuna aliyewapa taarifa. Na mimi, Pius, mdomo ukanitangulia: "Yupo njiani!" Ni mazoea ya chuo cha udereva, nilivyokuwa nakutetea kwa mwalimu kila ulipochelewa, na ulichelewa kila siku ya Mungu. Msimamizi akatazama saa yake, akasema haya, tumpe dakika kumi. Tukasimama juani watu wanane, tukikusubiri. Nilitaka kusema ukweli, nikajikuta na mimi natazama njia. Dakika zilipoisha akapiga mstari kwenye jina lako, nami nikalia mbele ya wanaume wazima na leseni zao mkononi. Nadhani walidhani ni woga wa usaili.

Gari nililirudisha nyuma katikati ya madebe kwa namna uliyonifundisha kule Magamba, kwenye pikapu ya baba yangu mdogo: macho kwenye kioo, wapiga kelele waache wapige kelele. Sikugusa debe hata moja.

Mahojiano ya ana kwa ana yalikuwa wiki tatu mbele. Watu watatu mezani, na swali lile lile la kila mahali: kwa nini tukuchukue wewe? Nilikuwa nimekariri jibu zuri, lina uadilifu na kujituma ndani yake. Badala yake nikasema, "Aliyenizidi kwenye usukani amefariki. Waliobaki, nadhani nawaweza." Mama mmoja akavua miwani. Hakuna aliyeuliza swali jingine, nikatoka nikijua nimeharibu.

Halafu kimya. Simu nilikuwa naingia nayo mpaka chooni. Ikiita, ni mtu anataka kujua kama nimepata kazi. Juzi wakapiga wenyewe. Nimepata.

Nilifikiri nitafurahi. Nilikaa kwenye benchi dukani nikamaliza soda bila kujua ilikuwa ya aina gani. Naona aibu, Pius, na nina hasira na wewe kwa kuniachia ushindi wa namna hii. Ulikuwa dereva mzuri kuliko mimi. Tungeshindana mpaka mwisho ungenibwaga, ungenicheka mwaka mzima, na ningekuwa na amani.

Jana nimejaza fomu zao. Kuna sehemu wanataka namba ya mtu wa kupigiwa dereva akipata ajali. Nikaandika ya mama yako, sijui kwa nini, mkono ulienda tu. Kisha nikaikata. Simu ya aina hiyo ameshapokea moja, na mimi ndiye niliyeipiga. Nikaandika ya baba mdogo.

Kwaheri, ndugu yangu. Kesho kutwa naanza safari ya kwanza. Mama yako nitampigia mimi mwenyewe, kila safari, nikishazima injini, nimwambie nimefika salama.

Masanja