Mama wa Kitenge Chekundu

Rubondo, siku ya Mungu

Emery, mudogo wangu,

Huku tuko salama, maharagi yametoa maua. Binti yangu Olga alinionyesha ule mchezo wa simu uliotengeneza huko Mbarara. Batu badogo banabeba bidoni ya maji, jua linabachoma, bengine banaanguka. Olga anasema uliweka kiu kusudi mchezo ukuwe na utamu, na kwamba habasikii maumivu. Sawa, nakubali.

Lakini yule wa kitenge chekundu anachechemea kama mama yetu. Kila mara anaanguka kabla ya kufika ku maji, haamki tena, kama mama siku ile tulikimbia vita.

Nilimuuliza Mungu sababu gani aliangalia tu. Mpaka leo hajanijibu. Wewe nilikubeba mugongoni siku ile, ninaweza kukuomba.

Umuache afike.

Dada yako,
Perpétue