Penseli ya Kijani

4 Machi

Mpwa wangu Kalamu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi mzima, ila goti la kushoto linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaiandika: marahaba.

Sasa kaa chini. Ramani ya mipango miji imebandikwa ofisi ya mtaa. Watu walijaa mpaka ukuta ukatoa jasho, lakini waliponiona wakanipisha wenyewe, unanijua. Kiwanja chetu kimepakwa kijani, mtaa mzima ni sisi peke yetu. Jirani yetu fundi cherehani kapakwa nyekundu, maskini, hata chakula hakipiti. Nikamwambia, "Jirani, nyekundu ni simama, kijani ni pita. Hata gari linajua." Akaniuliza kama nimesoma maandishi ya chini. Nikamjibu maandishi ni ya wasiojua rangi.

Yule mfanyabiashara wa mbao anayeitaka nyumba nitampandishia bei mara tatu. Kisha nakuja kukaa nawe kama ulivyoniomba, na huko nitakujengea ghorofa.

Mjomba wako

16 Machi

Shikamoo Mjomba,

Goti linaendeleaje? Mimi sijambo, kazini tunachora mpaka macho yanauma.

Mjomba, usimwambie mtu neno lingine. Kupaka hizo rangi ndiyo kazi yangu. Kijani si ruhusa. Ni eneo la wazi, bustani ya watu wote. Hapatajengwa kitu tena, hata choo. Nani atanunua? Nyekundu ni biashara, kiwanja cha fundi ndicho kilichopanda.

Humu ndani kuna fomu ya pingamizi. Mwisho ni siku thelathini tangu ramani ibandikwe. Nimejaza kila kitu isipokuwa sababu, hiyo aandike mwenyewe anayepinga. Tafadhali, Mjomba. Chumba chako huku nimeshakipaka rangi.

Mpwa wako

20 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Hujambo? Siku thelathini zimepita. Uliipeleka? Kimya chako kinanitisha, maana wewe hujawahi kunyamaza hata ukiwa unatafuna.

Mpwa wako

2 Juni

Kalamu wangu,

Marahaba, na pole kwa macho. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya shughuli nzito za kitaifa. Basi, si kweli.

Barua yako ilifika siku ya ishirini na sita tangu ramani ibandikwe. Nilivaa koti nikaenda na fomu. Kwenye foleni, nyuma yangu, nani? Yule wa mbao. Akaninong'oneza, "Pinga, mzee. Ukishinda nanunua, na mwezi huohuo naivunja, naweka ghala." Nikajifanya nimesahau miwani, nikarudi nyumbani.

Nikakaa na fomu pale mlango wa jikoni, bibi yako alipokuwa anakupima kimo kila shule ikifunga. Alama zote ni za kijani. Nilikuwa nakununulia boksi zima la penseli za rangi, ya kijani inakwisha kabla ya nyingine, maana ulidai rangi nyingine hazijui kuhesabu. Mwaka ulipougua surua hukuongezeka hata unywele, bibi yako akachora juu kidogo ili usilie. Hilo hukulijua. Alama ya mwisho inanifika begani. Juu yake mbao tupu.

Siku ya thelathini ilipita nimekaa hapohapo. Sababu ya kupinga sikuipata. Ya kukaa nilikuwa nayo.

Karani wa ofisi ya mtaa anasema serikali itakuja kuchukua bustani yake ikipata fedha. Kwa mwendo anaopigia mhuri, nitakuwa nimekufa mara mbili. Fundi keshasimamisha maduka matatu, sasa ananisalimia akiwa juu ya ngazi.

Nisamehe kwa kile chumba. Usikipangishe, nitakuja kutembea. Nawe ukija, hapa chako kipo, na kitanda ni kilekile kinacholalamika.

Watu bado wananiuliza nyumba nauza kiasi gani. Nawaambia, "Hii haina bei." Wanaondoka wakitikisa kichwa kwa heshima. Sijawaeleza ni haina bei ya namna gani, na wewe usiwaambie.

Mjomba wako, mwenye bustani