Barend Hafungwi

Groningen, 4 Machi

Jorien,

Hivi miguu yako imekatika? Au treni za kutoka Assen zimekwisha? Majani yalikuwa bado yako mtini ulipokanyaga mlango huu mara ya mwisho, na leo naona vichipukizi. Nikikupigia unasema, "Bibi, niko kazini, nitakupigia." Kazi gani hiyo isiyo na Jumapili? Mimi nimekuogesha ndani ya ndoo ya kudekia, wewe. Usinifanye mgeni.

Haya, salamu. Hujambo? Bwana wangu mdogo, mwanao Sietse, hajambo? Kile kikohozi kilimwacha? Mimi mzima, ila magoti yananisema upepo ukigeuka. Harmen wa mlango wa pili naye mzima, na bado hajui kupika. Juzi kaniletea supu ya njegere, nikachomeka kijiko, badala ya kusimama kijiko kikalala chali. Nikamwambia, "Harmen, hii ni supu au ni maji ya mfereji?" Kanuna mpaka jana.

Herufi zangu unazijua. Nilijifunza kwenye pua za matishali, majina ya watu yaliyopakwa rangi, ndiyo maana zinajaza karatasi. Vumilia.

Sasa sikia. Halmashauri ya jiji inataka kutunyang'anya uwanja. Ule wa bustanini, kando ya bwawa, wenye kibao cha mbwa asiye na kamba. Wanasema mbwa wote wafungwe, mwanzo wa bustani hadi mwisho. Barend ana miaka kumi, kazaliwa sitahani, shingo yake haijui kamba. Nimfunge uzeeni? Kwetu kwenye tishali aliyefungwa kamba alikuwa mtoto! Mama yako nilimfunga kiunoni mpaka alipojua kuogelea, na mbwa akaachwa azunguke, kwa sababu mbwa anajua ukingo uko wapi na mtoto hajui. Hakuna mtoto wangu aliyezama.

Na kama unanuna kwa kisa cha siku ile, basi nuna uishe. Mtoto alianguka kwenye majani. Majani laini. Barend alimwona anakimbilia maji, akamwangusha, kama alivyofundishwa. Mlitaka amwache azame?

Njoo Pasaka. Nitachemsha mayai na maganda ya vitunguu, yatoke mekundu kama anavyopenda mtoto.

Ni mimi, Bibi yako.


Assen, 19 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika na nimeisoma mara nyingi kuliko unavyodhani. Sietse hajambo, kikohozi kilikwisha. Mimi pia mzima. Pole na magoti. Tafadhali mwombe Harmen radhi, yule mzee anakujali.

Bibi, nimekaa kimya kwa sababu sikujua niseme vipi bila kukukosea adabu. Sasa nasema.

Sietse hakuwa anakimbilia maji. Bwawa lilikuwa nyuma yake. Alikuwa anakukimbilia wewe. Alikuona umekaa kwenye benchi na Wubbo, mwenzako wa bustanini, akaniponyoka mkononi, akaita "Bibi Mkuu!" Barend akaja kwa mbio kutoka pembeni na kumpiga kifuani, kisha akamsimamia. Mtoto wa miaka minne, uso wa mbwa uko juu ya uso wake.

Na wewe ukapaza sauti, ukawaambia watu, "Hafanyi kitu! Huyo hafanyi kitu!" Ulikuwa unacheka, Bibi. Nilipomsukuma Barend akalia, ndipo ulipoinuka. Ukaja, ukapiga goti, ukamshika Barend mguu mmoja mmoja kuangalia kama nimemuumiza. Sietse alikuwa amejikojolea, amelala pale pale, anakutazama.

Hilo ndilo lililobaki kwangu. Mbwa ni mbwa.

Siku hizi mtoto haendi duka la mikate, maana kuna mbwa hufungwa nje pale. Darasa lao lilipokwenda bustanini yeye alibaki na mwalimu, wakakata karatasi.

Sikuambii umtoe Barend. Najua ndiye aliyebaki wa tishali, baada ya Babu. Naomba mawili tu. Tukija, mfunge. Na umwambie Sietse kwa mdomo wako kwamba lile jambo lilitokea, wala si yeye aliyelitunga. Kila mtu anamwambia si kitu, si kitu. Anaanza kuona labda ana kasoro.

Jambo la mwisho, ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa wengine. Nimewaandikia watu wa jiji. Nimewaeleza yaliyotupata. Sikutaja jina lako.

Mjukuu wako anayekupenda,
Jorien


Groningen, 2 Aprili

Jorien,

Hujambo, na mtoto hajambo. Mimi mzima kuliko mlivyotaraji.

Mkutano wa jiji kuhusu uwanja umefanyika. Ukumbi wa mtaa ulijaa hadi watu wakasimama ukutani. Tukapewa kahawa na biskuti moja moja, kisha mkebe ukafungwa haraka kama una dhahabu. Kijana wa jiji akaonyesha picha ukutani, mara bata wamekimbia, mara majani yamekufa. Halafu akasema, "Mama mmoja ametuandikia." Akasoma.

Nilijijua katika neno la pili. Benchi, bwawa, mtoto, bibi anayecheka. Mwanamke nyuma yangu akasema, "Bibi gani huyo? Mwendawazimu!" Wenzake wakacheka. Nimekaa na watu hao bustanini miaka mitano tangu niuze tishali, nawajua kwa majina ya mbwa wao, na hakuna aliyejua wanamcheka nani.

Basi nikasimama. Kijana akasema, "Mama, ungoje zamu yako." Nikamwambia, "Mwanangu, nikingoja zamu yangu nitakuwa kaburini." Nikawaeleza habari za tishali. Nikawaambia mbwa wangu ameokoa watoto kuliko kibao chochote cha jiji. Nikawaambia, siku hizi mnawalea watoto kama mayai halafu mnalaumu jiwe. Wakapiga makofi! Wubbo alipiga mpaka kofia ikamwanguka, akanipigia mluzi kama niko kwenye mpira. Kijana akafunga makaratasi yake. Uwanja unabaki wa mbwa huru mpaka majira ya vuli, watafikiri upya.

Kwa hiyo nimeshinda. Na nimeshinda kwa damu yangu mwenyewe iliyosomwa mbele ya watu, na aliyeimwaga ni wewe.

Unasema alikuwa ananikimbilia mimi. Wewe ulikuwa mbali, ulijuaje? Macho yangu hayajafa. Nilimwona mtoto na nikaona maji. Barend hafungwi.

Mayai nitachemsha. Mkija mje, msipokuja nitakula na Harmen.

Bibi.


Assen, 6 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Sisi hatujambo.

Hatuji Pasaka. Nilimwuliza Sietse kama anataka kukuona. Aliniuliza, "Bibi Mkuu bado anampenda yule mbwa?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kupanga magari yake.

Hongera kwa ushindi.

Jorien


Assen, 11 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua mbili nimekutumia na kadi ya siku yako ya kuzaliwa, hujajibu hata moja. Simu inalia tu. Nikajisemea umekasirika, na haki yako.

Jana Harmen kanipigia. Kasema umeanguka bustanini, umevunjika mkono, ulilala hospitali. Wiki tatu zilizopita! Nilipomuuliza umeangukaje akasema, "Amenikataza. Akijua nimekupigia atanipiga kwa huo mkono mzima." Ninakuomba. Nimechukua ruhusa kazini. Nije? Kama huwezi kuandika, mwambie Harmen aandike neno moja tu, ndiyo au hapana.

Mimi niliandika "hongera" kwa ubaya. Usiku ule ule nilitaka kuifuata barua kwenye sanduku la posta.

Mjukuu wako,
Jorien


Groningen, 2 Julai

Jorien, mjukuu wangu,

Hujambo? Sietse hajambo? Mikate mnanunua wapi sasa? Mimi sijambo. Plasta imetolewa jana, kifundo cha mkono kimetoka chembamba kama cha kuku. Herufi zinayumba, lakini ni zangu. Harmen alitaka kuniandikia nikamkataza. Mambo ya damu hayaandikwi na jirani. Na sikutaka uje kwa kuhurumia mfupa. Nilitaka kwanza uisome hii.

Baada ya barua yako ya Aprili nilinunua kamba. Usifikiri nilikubali, nilikuwa na hasira. Nikasema nitamfunga mara moja nione, halafu nitamwandikia Jorien kwamba haiwezekani. Na kweli haikuwezekana! Barend alilala chini mlangoni kama gunia la mkaa. Nikamvuta, akaniangalia kama nimemuuza. Nikaketi naye kwenye ngazi. Wapita njia wanauliza, "Amekufa?" Nawajibu, "Hapana, amenuna, kama mimi." Siku ya pili akafika kwenye kona. Mwezi wa Mei tukawa tunafika bustanini, yeye mbele, mimi nimejizungushia kamba mkononi, maana vidole havishiki vizuri.

Kujizungushia ndiko kulikoniponza.

Tulikuwa njiani, si uwanjani. Wubbo ana mbwa mpya, kijana, mkubwa, miguu kama ya ndama. Nikamwona anakuja kwa mbio kutoka ng'ambo ya uwanja, masikio yako nyuma. Barend amefungwa, hana pa kukwepa, na mimi nimefungwa kwake. Wubbo yuko mbali, anakuja polepole, mikono mfukoni, anapaza sauti kwa furaha kabisa: "Hafanyi kitu, Geesje! Huyo hafanyi kitu!"

Nilisikia maneno hayo nikiwa tayari naanguka. Nikasikia mfupa. Yule mbwa kasimama juu yangu, mate yananidondokea shingoni, na Barend chini ya ubavu wangu analia. Sikuweza kuinuka, Jorien. Sikuweza hata kugeuza uso. Na Wubbo akafika, yule aliyeangusha kofia kwa kunipigia makofi, akamshika mbwa wake ukosi, akamwinamia, akasema, "Umeumia, mzee wangu? Umeumia?"

Kwa mbwa.

Kisha akanitazama mimi na kucheka kidogo, si kwa ubaya, akasema, "Alitaka kucheza tu."

Nililala pale nikatazama mawingu. Sikumfikiria Wubbo. Nilifikiria mtoto aliyelala hivi hivi ananitazama mimi, na mimi nashika miguu ya mbwa.

Hospitali hawakuweza kunilaza usingizi kwa dawa yao. Nililala macho wazi nikiirudia siku ile, kona kwa kona, kama mtu anayepitisha tishali chini ya daraja fupi. Benchi langu liko upande wa mitaa, linatazama bwawa. Mtoto alikuja na uso wake kwangu. Mtu anayekimbilia bwawa humwoni uso, unamwona kisogo. Niliuona uso wake, Jorien. Alikuwa anacheka. Nilikuwa naujua uso ule tangu siku ile, nikaufunika na maji.

Sasa basi. Nimekwenda kwa yule kijana wa jiji. Nikamwambia, "Ule mkutano, nilisema uongo." Akasema, "Mama, mkutano umefungwa, kila neno limeandikwa." Nikamwambia, "Basi andika na hili. Yule bibi wa kwenye barua ni mimi, na mama yule kasema kweli." Akaandika. Akaniuliza kama sasa nataka mbwa wote wafungwe. Nikamwambia hapana. Nataka uwanja wa mbwa wenye uzio, na lango la kufunga, na njia ya watoto isiyopita hapo. Mbwa akimbie, na mtoto akimbie, ila wasikutane. Kasema uzio ni jambo la kujadiliwa. Wenzangu wa bustanini wamepata habari. Yule mwanamke wa nyuma yangu ukumbini hanisalimii tena, na Wubbo amehama benchi. Jumamosi nilikunywa kahawa ya chupa peke yangu pale.

Barend simtoi. Usiniombe hilo, hukuniomba, nami nakushukuru. Nimekula naye, nimemzika babu yako naye. Lakini uliniuliza kwa mdomo wa mtoto kama bado nampenda. Mwambie Sietse ndiyo, nampenda. Na mwambie kwamba siku ile nilimwangalia wa pili, na wa kwanza alipaswa kuwa yeye. Mwambie hivyo hivyo, usilainishe. Kisha nitamwambia mwenyewe, akikubali kuja.

Asipokubali, usimlazimishe. Njoo peke yako, nami nitakulisha na kunyamaza.

Akikubali, njooni Jumatano, shule ikitoka mchana. Barend atakuwa kwa Harmen, mlango umefungwa kwa ufunguo, Harmen ndani. Lakini mtoto asituamini kwa maneno, ameambiwa maneno ya kutosha. Ukifika utanikuta nimesimama nje, kwenye kibaraza, mlango uko wazi. Usimshike mkono. Mwache Sietse aingie peke yake, akague vyumba vyote, afungue makabati, achungulie chini ya kitanda, akae humo kadiri atakavyo. Mimi na wewe tutangoja nje, hata kama mvua inanyesha. Akituita ndipo tuingie.

Bibi yako.